Malalamiko Kuhusu Kuondolewa kwa Mzee Batista

Mwalimu Mstaafu Elisha Ndahani,
Nkuhungu,
Dodoma.

Kwa Ndugu Cornel, mtafsiri wa filamu,
Dar es Salaam.

YAH: KUONDOLEWA KWA MZEE BATISTA KATIKA FILAMU ULIYOITAFSIRI, NA MADHARA YAKE KATIKA NDOA YANGU

Ndugu Mtafsiri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pokea salamu kutoka makao makuu ya nchi. Hatujawahi kuonana, ila sauti yako naifahamu kuliko ninavyofahamu za ndugu zangu kadhaa, kwa sababu kibanda umiza cha Thobias, kinachoonesha filamu unazozitafsiri, kiko nyuma ya ukuta wangu na spika yake imeelekezwa kwangu. Najua vijana wanakuita DJ. Mimi nitakuita Ndugu Mtafsiri, kwa kuwa nilifundisha fasihi mpaka nikastaafu na kazi ya kutafsiri naiheshimu, hata inapofanywa na mtu anayecheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe.

Naandika kutoa maoni yangu kama mtazamaji wa filamu ya mapigano ya upanga iliyotokana na riwaya mashuhuri ya "Walinzi wa Lango la Kaskazini". Kwa faida ya wasioijua, Kapteni Lusiano ni mlinzi wa mfalme. Anampenda Eleonora. Waziri mmoja mbaya, mwenye kitambaa jichoni, anamchukua Eleonora na kumfungia katika ngome iliyo milimani. Mwishoni Eleonora anarudi na wanaoana. Hayo ndiyo yaliyomo katika filamu, na mtu akitoka pale kibandani anaamini kwamba ameijua riwaya. Hajaijua. Nina malalamiko yafuatayo, ambayo nimeyapanga kuanzia dogo kwenda kubwa ili usichoke mapema.

1. Kuhusu maneno uliyoyaongeza.

Kila Lusiano alipochomoa upanga wewe ulisema, "Huyu ndiye mwanaume sasa." Ulisema hivyo alipouchomoa, ulisema alipourudisha, na ulisema hata alipokuwa anakunywa maji kisimani. Maneno hayo hayamo katika filamu. Nilimwomba mwenzangu aliyekuwa akifundisha Kiingereza asikilize kwa makini chini ya sauti yako, naye akanihakikishia kwamba pale kisimani Lusiano hasemi chochote na hakuna anayemsemea. Vilevile ulidai kwamba Lusiano alikulia Nzuguni, hapa hapa Dodoma, na kwamba nguvu zile ni za ugali wa uwele na mlenda. Na mlenda sina ugomvi. Nimelitaja hili ili tukubaliane mapema kwamba wewe ni mtu unayeweza kuingiza katika filamu jambo ambalo halimo, maana mbele nitalihitaji.

2. Kuhusu adabu ya ukweni.

Lusiano anaingia nyumbani kwa baba yake Eleonora kwa kupitia paani. Hapigi hodi. Anabembea kwenye taa kubwa ya mishumaa, anatua juu ya meza iliyoandaliwa chakula, anapigana na walinzi ngazini huku anatabasamu, kisha anampita mkwe wake mtarajiwa bila shikamoo. Mzee wa watu amesimama na kijiko mkononi. Hapo watazamaji wote walipiga makofi, nikawasikia kutoka sebuleni kwangu. Nijuavyo mimi, kwetu huku kwenye mapaa ya bati, kijana wa namna hiyo angesikika mtaa mzima kabla hajafika kwenye kenchi za paa, na angeshushwa na watu wasio na muziki nyuma yao. Suala la mahari, ambalo filamu nzima haikuligusa, siliingizi humu kwa kuwa linastahili barua yake.

3. Kuhusu Mzee Batista.

Hapa ndipo penyewe. Katika riwaya, Lusiano haendi ngomeni. Narudia kwamba haendi. Anamtuma Mzee Batista, mtumishi wa siku nyingi wa baba yake, mtu mzima, mpole, mwenye nyumbu wa kupanda na maneno ya kupangilia. Batista anapanda milima taratibu, anafika, anakaa na wazee wa upande wa pili, anazungumza, anangoja, anazungumza tena, na hatimaye Eleonora anatolewa kwa mlango wa mbele mchana kweupe, akiwa na viatu vyake miguuni. Ni sura nzima ya kitabu. Nimeifundisha sura hiyo kwa wanafunzi wa kidato cha tatu maisha yangu yote ya kazi. Swali langu lilikuwa, "Jadili dhima ya Mzee Batista," na mwanafunzi aliyethubutu kuandika kwamba Batista ndiye mhusika mkuu nilimwongezea maksi.

Katika filamu hakuna Batista. Hakuna hata nyumbu. Lusiano anapanda ukuta wa ngome mwenyewe, kwa kamba, mvua inamnyeshea, panga zinalia, waziri anaanguka kutoka juu, na Eleonora anabebwa begani kama mzigo wa kuni. Na wewe unasema yale maneno yako.

Ndugu Mtafsiri, huenda kwa wenzetu waliotengeneza filamu mzee anayezungumza vizuri si kitu cha kuuza. Kwetu sisi ndiye kila kitu. Mtu akitaka kuoa anamtuma mshenga. Mke akienda kwao kwa hasira, mume anawatuma watu wazima wakaongee. Hatufanyi hivyo kwa uvivu. Tunafanya hivyo kwa sababu mume anayekwenda ukweni mwenyewe kumfuata mkewe anaonekana kama mtu aliyekosa watu. Hilo nilidhani linajulikana.

4. Kuhusu mke wangu.

Mke wangu anaitwa Loisi, na hapa mtaani ni Mama Penina. Jumamosi moja akina mama wa kwaya walikodi kibanda cha Thobias ili waiangalie filamu hiyo bila wahuni wa kawaida. Alikwenda nao. Aliporudi aliingia jikoni moja kwa moja. Wakati anasonga ugali nilimweleza tofauti kati ya filamu na riwaya, nikianza na historia ya mwandishi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama mimi, kwa ajili yake, nimewahi kuruka kitu chochote. Nilimjibu kwamba hapa Nkuhungu hakuna kitu cha kuruka. Jibu hilo lilikuwa sahihi, ila sasa naona lilikuwa fupi.

Baada ya hapo alianza kukumbusha mambo. Kwamba posa ilikuja na mshenga, jambo ambalo ndilo linalotakiwa. Kwamba alipolazwa kumzaa Penina, nilimtuma dada yangu ampelekee uji. Kwamba mama yake alipozikwa kule kwao Kibakwe nilimtuma mpwa wangu na rambirambi, kwa kuwa mimi nilikuwa nasahihisha mitihani. Kwamba hata sasa, yeye akiwa jikoni na mimi nikiwa sebuleni, humwandikia ujumbe wa simu nikitaka chai. Yote hayo ni kweli, na kila niliyemtuma alifika kwa wakati.

Jumatatu yake alisema anakwenda Kibakwe kumsaidia kaka yake, shemeji Gideoni, kuvuna maharage. Maharage yamevunwa. Yamepigwa, yamepepetwa, na nasikia mengine yameshafika sokoni Mpwapwa. Loisi hajarudi.

Nilifanya inavyopasa. Nilimtuma Mzee Yotham, ambaye ni mzee wa kanisa mwenzangu na ndiye aliyekuwa mshenga wakati wa posa yetu. Alirudi na ujumbe mmoja, na naunukuu kama ulivyo ili uone ukubwa wa tatizo: "Mwambie sijakataa kurudi. Nimekataa kuletwa." Nilimtuma tena. Alirudi na mfuko wa maharage, akasema Loisi ni mzima na kwamba ameulizia goti langu. Nilipomtuma kwa mara nyingine Mzee Yotham alikataa. Alisema amekwenda mwenyewe kibandani kuiangalia hiyo filamu na ameona hakuna sehemu yake.

Sasa niruhusu niandike jambo lisilo la kiofisi. Nyumba imekuwa kubwa. Chai ninayopika inanuka moshi ilhali natumia jiko la gesi. Redio naiacha wazi kutwa ili kuwe na mtu wa kunipinga, lakini redio haijui kungoja nimalize sentensi, kama afanyavyo yeye, ndipo inipinge. Joho lake la kwaya liko kwenye kamba pale varanda ya nyuma, limeshika vumbi, na sijalitoa kwa sababu mtu akipita nje anadhani mwenyewe yuko ndani. Ninamkumbuka mke wangu. Naogopa kwamba atazoea Kibakwe, maana kule kuna milima, kuna ubaridi mzuri na watu wa kwao, na huku kuna mimi na upepo. Akizoea hatarudi, na akiwa hajarudi sijui nitamweleza nani mambo ninayoyasoma.

Hayo yote yametokana na kuondolewa kwa Batista.

5. Kuhusu mtaa, wilaya, na nchi kwa ujumla.

Usidhani ni nyumba yangu tu. Mke wa fundi wetu wa bati amekataa kupokea mkaa ulioletwa na bodaboda na kusema aliyeununua aubebe mwenyewe, na fundi ameubeba, mchana, watu wakimwona. Kuna posa imekwama huku kwetu kwa sababu binti amesema hataki mshenga, anataka mwenyewe aje. Mwenyewe alikuja. Alipitia ukutani, kama alivyofundishwa, na hivi sasa anachomwa sindano za kuumwa na mbwa katika zahanati. Vijana wa bodaboda wanalalamika kwamba siku hizi hawatumwi kama zamani.

Nakuomba ulitazame jambo hili kwa upana wake. Nchi yoyote huendeshwa kwa kutumana. Mkubwa humtuma katibu wake, katibu humtuma mhudumu, na mhudumu akichoka humpigia mtu simu. Bunge letu liko hapa hapa Dodoma, na mle ndani hamna watu wengine isipokuwa wale tuliowatuma. Siku kila mwananchi atakapotoka kibandani akiwa ameamua kwenda mwenyewe, ule ukumbi hautatosha, maegesho hayatatosha, na chai itakwisha kabla ya kipindi cha maswali. Sisemi kwamba umekusudia hilo. Nasema ndiko tunakoelekea, na safari imeanzia kwenye kamba ya Lusiano.

Kwa kuzingatia hayo, ninayo maombi yafuatayo:

(a) Uirekodi upya tafsiri yako na umrudishe Mzee Batista kwa sauti. Mtu aliyeweza kuingiza mlenda katika kasri la kigeni hawezi kushindwa kuingiza mzee mmoja nyuma ya ukuta. Pale kwenye kamba unaweza kusema hivi: "Watazamaji, Mzee Batista ameshamaliza mazungumzo humo ndani na binti ameruhusiwa. Huyu anapanda kunyoosha viungo tu."

(b) Mwanzoni mwa filamu utangaze kwamba anayeruka si steringi mwenyewe, yule shujaa, ni mtu mwingine aliyetumwa aruke badala yake, na chini kuna godoro. Nimeambiwa na watu wanaojua kwamba ndivyo ilivyo. Ukilitangaza hili tutakuwa tumeelewana, kwa sababu hata Lusiano kumbe anatuma mtu.

(c) Toleo hilo lililosahihishwa lioneshwe Kibakwe, katika uwanja wa shemeji Gideoni ambao ni mpana, kwa akina mama wote, na mke wangu awekewe kiti cha mbele. Baada ya filamu kuwe na maswali. Nitayaandaa mimi na kuyatuma.

(d) Endapo (c) itakuwa ngumu, basi nakuomba uende Kibakwe wewe mwenyewe. Fikiria vizuri kabla ya kukataa. Mke wangu alichosema ni kwamba mtu aje mwenyewe. Yule Lusiano wa kwenye kioo hajamsikia hata siku moja, kwa sababu muda wote ulikuwa ukiongea wewe. Kwa upande wa masikio, Lusiano ndiye wewe. Ukisimama pale uani ukamwita kwa sauti ile ile, ukamwambia Mwalimu amekutuma umrudishe nyumbani, atakuwa amefuatwa na shujaa mwenyewe na mimi nitakuwa nimetuma mtu. Pande zote mbili zitakuwa zimeridhika. Upanga si lazima.

Naamini utalipokea ombi hili kwa uzito wake. Nawasalimu wote mnaofanya kazi nao hapo studio, pamoja na yule anayeweka milio ya radi hata pasipokuwa na mvua. Umsalimu na mkeo, kama hajaiona filamu.

Ni mimi mtazamaji wako wa nyuma ya ukuta,

Mwalimu Elisha Ndahani.

NYONGEZA. Nilipomaliza kuandika nilitafuta mtu wa kuipeleka barua hii stendi ya Nzuguni akaikabidhi kwa dereva wa basi la Dar es Salaam. Thobias alisema ana wateja. Mzee Yotham hakupokea simu. Nikaenda mwenyewe. Nilipofika, basi la Dar lilikuwa limeondoka, na la Mpwapwa, ambako ndiko njia ya kwenda Kibakwe, lilikuwa linapakia abiria. Jua lilikuwa kali. Niliingia nikae kidogo kivulini, na kondakta alipofunga mlango sikushuka. Nyongeza hii naiandika nikiwa Kibakwe.

Nilimkuta Loisi uani kwa shemeji Gideoni, anachambua maharage kwenye ungo. Aliponiona alitazama nyuma yangu aone nimekuja na nani. Akauliza, "Nani amekutuma?" Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya utangulizi, lakini hayakuwa na jibu la swali hilo. Nikamwambia sikutumwa na mtu. Akanisogezea kigoda. Shemeji Gideoni alipotoka ndani alianza kuuliza wazee niliokuja nao wako wapi, na Loisi akamwambia aniache ninywe maji kwanza.

Jioni nilimsomea barua hii yote, nikitarajia kwamba ataona nguvu ya hoja. Nilipokuwa nasoma namba moja hadi tatu aliendelea kuchambua maharage. Nilipofika namba nne mikono yake ilisimama. Aliniomba niirudie ile sehemu ya chai na redio na joho, nami nikairudia. Alikohoa kidogo, kama anavyofanya anapotaka kunipinga, kisha akauliza, "Haya yote, mbona umemwandikia mtu wa Dar es Salaam?"

Nikasogeza kigoda karibu na ungo.

Kwa hiyo, Ndugu Mtafsiri, maombi yangu (a) hadi (d) nayafuta. Filamu iache ilivyo na usiende popote. Hatujapanga siku ya kurudi Nkuhungu, na akiamua ataniambia, niko naye hapa. Barua yenyewe ameichukua Loisi kwa kuwa anasema ni ya kwake. Hii uliyoipata wewe ni nakala.